Singa, Gunia na Chuma: Maisha na Kazi ya Magdalena Abakanowicz

Vitabu vingi vya historia ya sanaa ya karne ya 20 humtaja Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland aliyeishi kati ya mwaka 1930 na 2017, mara mbili na katika sura mbili zisizojuana: kwanza kama mfumaji aliyepindua desturi ya mazulia ya ukutani katika miaka ya 1960, na tena kama msanii wa sanamu aliyejaza viwanja na bustani za miji mikubwa kwa makundi ya watu wasio na vichwa. Msomaji anayeufuata mpangilio huo huachwa na picha ya mtu aliyeanzia kwenye nyuzi, akahitimu, kisha akapandishwa daraja hadi kwenye bronzi na chuma, kana kwamba uzi ulikuwa chekechea ya kupitia tu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba picha hiyo inapotosha, kwa sababu Abakanowicz hakuwahi kuuacha uzi. Kwa takribani miaka hamsini alishughulika na jambo moja, nalo ni ngozi ya kitu na utupu uliomo ndani yake, akalichunguza kwanza kwa singa, halafu kwa gunia, na mwishowe kwa madini ya kusubu.

Kabla ya kuyafuata maisha yake, yafaa istilahi chache ziwekwe mahali pake. Kufuma ni kupitisha nyuzi za mshindio, yaani zile ziendazo upande kwa upande, kati ya nyuzi za mtande, ambazo hukazwa kwa urefu juu ya kitanda cha mfumi. Ni kazi tofauti na kusuka, ambako vidole peke yake hutosha, kama ionekanavyo kwa msusi wa ukili wa mkeka. Zulia la ukutani ni nguo nzito iliyofumwa ambayo picha yake haikupakwa juu ya kitambaa bali imo ndani ya kitambaa chenyewe, kwa kuwa rangi za mshindio ndizo zinazoijenga. Huko Ulaya, na hasa katika mji wa Aubusson nchini Ufaransa, kazi hii iligawanywa kwa karne nyingi kati ya mchoraji, aliyetoa kielelezo cha ukubwa kamili kwenye karatasi, na mafundi wa kitanda, waliokinakili kielelezo hicho uzi kwa uzi. Sifa ilimwendea wa kwanza, na maumivu ya mgongo yakabaki kwa wa pili. Mzungumzaji wa Kiswahili ana haki ya kuushangaa mgawanyo huu, maana neno lake la sanaa limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kazi ya mikono, na jina la fundi amempa mwashi, mshonaji na mganga bila kuuliza nani kati yao ni msanii. Katika Ulaya aliyokulia Abakanowicz, hata hivyo, mpaka huo ulikuwa na walinzi, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika kuuvuka.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1930 huko Falenty, karibu na Warsaw, katika familia ya kabaila yenye asili ya Kitatari kwa upande wa baba, ukoo uliojinasibisha na Abaka Khan, mtawala wa Kimongolia wa karne ya 13. Utoto wake ulipita katika shamba la familia huko Krępa, mahali pa misitu, ambako mtoto aliyeachwa peke yake kwa muda mrefu alijifunza kucheza na magome, matawi na udongo. Alikuwa na umri wa miaka tisa Ujerumani ilipoivamia Poland mwaka 1939. Mwaka 1943 askari walevi waliingia nyumbani kwao usiku na kufyatua risasi, na mama yake akapoteza mkono mbele ya macho ya binti yake. Mwaka uliofuata, familia ilipokuwa imekimbilia Warsaw, msichana huyo wa miaka kumi na minne alisaidia kuuguza majeruhi katika hospitali ya dharura. Wafasiri wengi wamelichukua tukio la mkono na kulifanya ufunguo wa kila sanamu isiyo na viungo iliyokuja baadaye. Ni ufunguo unaoingia kwenye kufuli kirahisi mno, na ndiyo sababu unahitaji kushikwa kwa tahadhari, kama itakavyoonekana.

Baada ya vita, chini ya serikali mpya ya kikomunisti, asili ya kikabaila ilikuwa mzigo wa hatari kwa kijana aliyetaka kusoma, na Abakanowicz aliificha. Alisoma kwanza kaskazini, katika ukanda wa pwani ya Bahari ya Baltiki, kisha katika Chuo cha Sanaa cha Warsaw kuanzia mwaka 1950 hadi 1954. Hiyo ilikuwa miaka ambayo dola ilidai uhalisia wa kijamaa, yaani sanaa yenye kuonyesha mfanyakazi na mkulima wakiwa imara, wenye furaha na wanaotambulika mara moja, na ambayo kila kilichokwenda kinyume kiliitwa ufomalisti, kosa la kujali umbo kuliko ujumbe. Madarasa ya nguo, ya kuchapa vitambaa na ya kufuma hayakubanwa kwa kiwango kile kile, kwa kuwa wakaguzi wa itikadi hawakutegemea kukuta uasi katika pazia. Hili ni jambo la kutiliwa mkazo: ufumaji ulidharauliwa, na dharau hiyo iliacha upenyo. Upenyo wenyewe haukuwa mpana, kwani maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, yaliyoandaliwa Warsaw mwaka 1960, yalifungwa na wakuu kabla ya kufunguliwa rasmi kwa sababu ya ufomalisti huo huo.

Kufungwa huko kulimletea bahati asiyoitarajia. Maria Łaszkiewicz, mfumaji mwenye umri mkubwa na jina nchini Poland, aliziona kazi hizo, akampa nafasi ya kufumia katika karakana yake iliyokuwa chini ya nyumba, na akalipendekeza jina lake kwa maonyesho mapya ya kimataifa ya mazulia ya ukutani yaliyokuwa yakiandaliwa Lausanne, nchini Uswisi, kwa juhudi za Jean Lurçat, mchoraji Mfaransa aliyekuwa amefufua heshima ya Aubusson. Katika maonyesho hayo ya mwaka 1962, Abakanowicz alipeleka kazi yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 2 iitwayo Utunzi wa Maumbo Meupe. Wafaransa walileta nguo laini zilizonakiliwa kwa uangalifu kutoka vielelezo vya wachoraji. Yeye alileta nguo aliyoifuma kwa mikono yake bila kufuata kielelezo, ambamo kamba nene za pamba, kutia ndani zile za kuanikia nguo, ziliachwa zivimbe na kukwaruza. Wenye desturi walikereka, na haikuwa bila sababu, maana kama mfumaji anaweza kuamua picha akiwa juu ya kitanda, basi mchoraji wa kielelezo hana kazi. Mwaka 1965 alishinda medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya São Paulo, Brazil, na mwaka huo huo akaanza kufundisha katika chuo cha sanaa cha Poznań, magharibi mwa Poland.

Kilichofuata ndicho kiini cha sifa yake ya mwanzo. Katikati ya miaka ya 1960 nguo zake zilianza kuvimba kutoka ukutani, zikapasuka katikati, zikaota mikunjo, na hatimaye zikauacha ukuta kabisa na kuning'inia kutoka darini kama miili. Wahakiki hawakuwa na jina la kuziita, kwa kuwa hazikuwa zulia wala sanamu, wakaazima jina la mwenyewe na kuziita Abakani. Maarufu kuliko zote, Abakani Nyekundu ya mwaka 1969, ambayo sasa imo katika hazina ya Tate mjini London, ina kimo cha takribani mita 4 na upana unaokaribia huo. Ni duara kubwa la rangi ya damu iliyokolea, lenye mpasuko wima katikati na mikunjo inayojitokeza kwa mbele, na singa zake nene hunyonya mwanga kiasi kwamba mtazamaji hana hakika uso wa kitu hicho unaishia wapi na kivuli chake kinaanzia wapi.

Malighafi yake kuu ilikuwa katani, yaani nyuzi za mkonge, na namna alivyoipata inaeleza mengi. Katika Poland ya miaka ile, ambako bidhaa zilikuwa haba na nyumba finyu, alikusanya amari na kamba kuukuu zilizotupwa bandarini, akazifumua hadi zikarudi kuwa singa, akaziosha, akazitia rangi, kisha akazifuma tena. Uzi uliokuwa umekwisha kuburuta meli ulirudishwa kwenye kitanda ukiwa na ugumu wake wote, na ugumu huo ndio uliomwezesha kujenga nguo iliyoweza kusimama na kujikunja kwa nguvu zake, jambo ambalo sufu isingelifanya. Kwa msomaji wa Tanga au Pangani, habari hii ina ladha ya pekee. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai; miaka sabini baadaye, Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, ikitoa takribani tani 230,000 mwaka 1964. Muda ambao mashine za korona za Tanga zilikuwa zikikwangua majani ya mkonge usiku na mchana ili dunia ipate kamba ndio muda ambao mwanamke mmoja wa Warsaw alikuwa akizifumua kamba chakavu za aina hiyo ili apate sanaa. Kamba za nailoni na plastiki zilikuwa tayari mlangoni, na hazingemfaa hata kidogo.

Abakani ziliandaliwa ili mtu aziingie. Kazi iliyofumwa vipande vipande katika nyumba ndogo haikuweza kuonekana nzima hadi ifike ukumbini, hivyo kila maonyesho yalikuwa kwa msanii mwenyewe ufunuo wa kitu alichokijua kwa vidole tu. Baada ya muda aliacha kuzichukulia kama vitu vinavyosimama kimoja kimoja, akaanza kuzipanga kama msitu ambao mgeni hupita kati yake akigusana na singa na kusikia harufu ya kamba, na neno alilolipendelea lilikuwa mazingira. Mwaka 1969 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilimshirikisha katika maonyesho yaliyoitambua sanaa ya nyuzi kuwa harakati ya dunia. Mwaka huo huo filamu fupi ilipigwa kwenye vilima vya mchanga vya Łeba, kando ya Baltiki, Abakani zikiwa zimesimamishwa mahali ambapo upepo uliweza kuzitingisha. Mradi mkubwa wa jengo la serikali ya mkoa huko 's-Hertogenbosch, Uholanzi, ulimchukua miaka ya 1970 na 1971.

Umaarufu huo ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Kadiri alivyosifiwa kuwa malkia wa sanaa ya nyuzi ndivyo alivyofungiwa humo, kwa maana majumba makubwa yalimpa nafasi pale tu mada ilipokuwa nguo, naye alikuwa amechoka kulinganishwa na wafumaji wa mapambo. Mnamo mwaka 1974 alianza kutumia kitambaa cha gunia, na wanahistoria wengi huweka hapo mstari wa kumtoa mfumaji na kumwingiza mchongaji. Neno mchongaji lenyewe linamkaa vibaya, kwani kuchonga ni kuondoa, kama afanyavyo Mmakonde anapoutoa mpingo kwenye gogo hadi umbo libaki, ilhali Abakanowicz alikuwa akiongeza tabaka juu ya tabaka. Zaidi ya hayo, gunia ni nguo. Lina mtande na mshindio unaoonekana kwa macho bila miwani, na fundi aliyelichagua hakuwa ameondoka katika kazi yake ya zamani. Alikuwa ameacha kufuma nguo mwenyewe na kuanza kutumia nguo iliyokwisha kufumwa, tena iliyokwisha kubeba viazi na makaa.

Kazi iitwayo Migongo, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1976 na 1980, inafaa kutazamwa kwa karibu. Kalibu moja ya jasi ilitengenezwa kutokana na mwili wa mtu halisi, na ndani ya kalibu hiyo alikandamiza vipande vya magunia makuukuu vilivyoloweshwa gundi, akavivuta, akavikunja na kuviacha vikauke, kisha akalitoa gamba na kuanza upya, hadi migongo ikatimia 80. Kalibu ilikuwa ile ile, lakini gunia halikubali kurudia umbo: hapa nyuzi zimekatika na kuacha tundu, pale mkunjo umekuwa kama mbavu au kama kovu, kwingine kitambaa kimelegea begani. Kila mgongo umeinama chini sakafuni, hauna kichwa wala miguu, na mtazamaji anayeuzunguka hadi mbele hakuti kifua bali shimo, kwa sababu kilichotengenezwa ni ngozi ya nyuma peke yake. Aliyekwisha kuiona Abakani kwa ndani hukutana tena na utupu ule ule, isipokuwa safari hii umepungua na kuwa wa kimo cha binadamu.

Migongo iliulizwa maswali popote ilipokwenda. Wapo waliouliza kama inahusu Auschwitz, wengine kama ni ibada ya Peru ya kale, wengine kama ni ngoma ya Bali, na msanii alisema kwamba angeweza kuwajibu ndiyo wote, kwa kuwa kazi hiyo inahusu hali ya binadamu kwa jumla. Jibu hilo linaweza kuonekana kuwa la kukwepa. Kwa kweli lina mantiki yake, kwani mtu anayesali, mtu anayepigwa na mtu anayelima huinama kwa namna moja, na sanamu inayokataa kuonyesha uso inakataa pia kusema ni nani kati yao. Ndiyo sababu ule ufunguo wa mkono wa mama hautoshi: kumbukumbu ya mwaka 1943 huenda imo ndani ya gunia, lakini imo pamoja na kumbukumbu ya kupanga foleni, ya kusimama katika halaiki za lazima na ya kulificha jina la ukoo kwa miaka mingi.

Mwaka 1980 aliiwakilisha Poland katika maonyesho ya Venice, na huko alionyesha Embriolojia, jina lililotolewa kwenye elimu ya viumbe vinavyokua kabla ya kuzaliwa. Ni mrundikano wa mamia ya vitu vya mviringo vilivyoshonwa kwa gunia, shashi na kamba, vingine vidogo kama yai na vingine vikubwa kupita mwili wa mtu, baadhi vikiwa vimepasuka na kuonyesha kilichoshindiliwa ndani. Miaka miwili baadaye, Poland ikiwa chini ya amri ya kijeshi iliyotangazwa Desemba 1981, maonyesho makubwa ya kazi zake za tangu mwanzo yalifunguliwa Chicago, na kuanzia hapo milango ya bustani za sanamu na hazina za dunia ilifunguka.

Kazi za miaka ya 1980 na 1990 zinaweza kupitiwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa ni nyingi na hazilingani kwa uzito. Katarsisi ya mwaka 1985, yenye watu 33 wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, imesimama katika shamba la mkusanyaji Giuliano Gori karibu na Pistoia, Italia. Negev ya mwaka 1987 ni magurudumu 7 makubwa ya mawe ya chokaa huko Jerusalem. Bustani ya Olimpiki ya Seoul ina vichwa 10 vya wanyama vya mwaka 1988. Na Hiroshima ina migongo 40 ya bronzi. Yenye nguvu kuliko hizo ni mfululizo wa Michezo ya Vita, ulioanza mwaka 1987, ambao malighafi yake ni magogo ya miti mikubwa iliyokatwa kando ya barabara za Mazuria, kaskazini mashariki mwa Poland. Magogo hayo aliyalaza juu ya vyuma, akayavisha pete za chuma mahali yalipokatwa, na mengine akayafunga kwa gunia kama afungwavyo majeruhi. Aliyewahi kuwafunga vidonda watu wazima akiwa na miaka kumi na minne hakuhitaji kueleza zaidi.

Bronzi yake nayo ina siri ambayo picha za vitabuni hazionyeshi. Makundi mengi ya bronzi yalisubiwa kutokana na maumbo ya gunia, na madini yaliyoyeyushwa yaliingia katika kila kinyweleo cha kitambaa. Anayeisogelea Halaiki ya Bronzi ya mwaka 1990 na 1991, yenye watu 36 na iliyopo Dallas, Marekani, huuona juu ya bega la chuma mtande ukipita juu na mshindio ukipita chini, pamoja na nyuzi zilizochomoka na mishono iliyoachwa wazi. Mfumaji hapa hajabadilisha kazi. Amebadilisha muda ambao nguo yake itaweza kudumu kwenye mvua.

Haina budi kukiriwa kwamba wingi huo ulikuwa pia na hasara. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu asiye na kichwa, aliyesimama wima na aliye mtupu kwa nyuma, alikuwa amekuwa nembo, na baadhi ya makundi yaliyoagizwa na miji na wafadhili hayaongezi lolote juu ya yale yaliyotangulia. Mawili yanaepuka lawama hiyo. Nierozpoznani, jina la Kipolandi lenye maana ya wasiotambuliwa, liliwekwa mwaka 2002 katika bustani ya Cytadela mjini Poznań, mahali palipokuwa ngome na uwanja wa vita, na watu wake 112 wa chuma wanatembea kila mmoja upande wake kana kwamba wamesikia amri na hawakuielewa. Agora, iliyowekwa mwaka 2006 katika Grant Park mjini Chicago, ina watu 106 wa chuma cha kusubu, wenye kimo cha takribani mita 2.7, waliotengenezwa katika kiwanda cha kusubu cha Śrem, karibu na Poznań. Uso wa kila mmoja ulifinyangwa kwa mkono, hivyo hakuna wawili wenye ngozi moja, na chuma kiliachwa kipate kutu yake ya rangi ya udongo. Watu wa Chicago hukatiza katikati yao wakielekea kazini, na kwa dakika chache vichwa pekee vinavyoonekana katika umati huo ni vya wapita njia.

Abakanowicz alifariki Warsaw tarehe 20 Aprili 2017, akiwa na umri wa miaka 86. Kuanzia Novemba 2022 hadi Mei 2023 Tate Modern ilizikusanya Abakani katika ukumbi mmoja na kuzipanga kama msitu, jinsi alivyotaka, isipokuwa wageni hawakuruhusiwa kuzigusa. Chuo cha Poznań, alikofundisha kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, kinaitwa kwa jina lake tangu mwaka 2021. Somo alilolifundisha huko kwa miaka yote hiyo 25 lilikuwa ufumaji.